Binaisa na hoja iliyomrudia

Wengi wanamkumbuka Godfrey Binaisa kama rais wa Uganda ambaye hakumaliza hata mwaka. Mimi nafundisha sheria ya katiba, kwa hiyo kwangu yeye kwanza ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, wa kwanza baada ya uhuru wa 1962. Alisoma shule ya King's College Budo, Chuo cha Makerere, kisha sheria Uingereza, na alikuwa hodari hasa.

Aprili 1966 Milton Obote, kiongozi wa serikali, aliwaletea wabunge katiba mpya. Waliipitisha kwanza, kisha wakaambiwa nakala watazikuta kwenye visanduku vyao vya barua! Mwezi uliofuata jeshi lilivamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na miongoni mwa waliokamatwa mwezi huo ni Michael Matovu, chifu wa saza (kaunti) huko Buganda. Wakili wake, Abu Mayanja, akaomba mahakama iamuru aletwe mbele yake. Swali likawa kubwa kuliko Matovu: hiyo katiba ni halali?

Binaisa alisimama upande wa serikali. Hoja yake ya kwanza, kwamba hayo ni mambo ya siasa na majaji hayawahusu, ilikataliwa. Ya pili ikapita. Ilitoka kwa Hans Kelsen, mwanazuoni wa Austria: mapinduzi yakifaulu na watu wakayatii, yenyewe ndiyo yanayozaa sheria. Mahakama chini ya Jaji Mkuu Udo Udoma iliikubali katiba ya 1966. Kwa maoni yangu ilikuwa hukumu mbaya iliyoandikwa vizuri, na ndiyo maana imewashawishi majaji wengi.

Binaisa aliacha kazi hiyo 1967, baadaye akaenda uhamishoni na kufanya uwakili New York. Juni 1979, Amin akiwa ameshang'olewa, Yusuf Lule, rais aliyemfuata, aliondolewa na Binaisa akashika urais. Mei 1980 alijaribu kumtoa mnadhimu mkuu wa jeshi, David Oyite Ojok, ampeleke Algeria kuwa balozi. Tarehe 12 Kamisheni ya Kijeshi ya Paulo Muwanga ikamwondoa yeye. Wanajeshi wa Tanzania walikuwa bado nchini, hawakuingilia.

Kwa kipimo cha Kelsen, Muwanga alikuwa na kila alichohitaji: alishika madaraka, akatiiwa. Binaisa akawekwa kizuizini Entebbe, na uchaguzi wa Desemba ukamrudisha Obote, yule yule mteja wake wa 1966.