Je, wajua? Kafuri haifungui pua, inaudanganya ubongo

Mtu mwenye mafua akivuta harufu ya kafuri, husema pua imefunguka hapo hapo. Hewa inaingia ya baridi, anapumua kwa raha. Mwaka 1983 watafiti wa nchini Uingereza waliamua kulipima jambo hilo kwa chombo badala ya kutegemea maneno ya watu. Waliwavutisha watu mvuke wa kafuri, wa mkaratusi na wa mentholi (kemikali ya mnanaa), kisha wakapima jinsi hewa inavyopita puani. Wengi walihisi ubaridi na kusema hewa inapita vizuri zaidi. Chombo kikaonyesha kwamba njia ya hewa ilikuwa na upana ule ule.

Basi unafuu ule unatoka wapi?

Kafuri hutoka kwa mkafuri, mti wa Asia ya Mashariki ulio ndugu wa damu wa mdalasini. Wote wamo katika ukoo mmoja na mparachichi. Kwa karne nyingi wenyeji wa China, Japani na Taiwan walikatakata mbao zake vipande vidogo, wakavipitishia mvuke wa maji moto, na mvuke ulipopoa ukaacha chengachenga nyeupe zenye harufu kali. Siku hizi kafuri nyingi haitoki hata kwenye mti huo: hutengenezwa viwandani kwa tapentaini, mafuta ya misonobari. Kwa hiyo neno “asilia” kwenye kopo lisikubabaishe.

Ndani ya pua na kwenye ngozi kuna neva zenye protini zinazofanya kazi ya kupima joto na baridi. Mojawapo, iitwayo TRPM8, huamka inapoguswa na baridi. Mentholi nayo huiamsha bila baridi yoyote kuwapo, na kafuri hufanya hivyo pia, ingawa kwa nguvu ndogo zaidi. Ubongo hupokea taarifa kwamba hewa baridi inapita puani, na kwa kawaida hewa baridi huhisiwa pale tu njia ikiwa wazi. Unaamini. Uvimbe na makamasi havijaondoka.

Kafuri pia hugusa protini za upande wa joto, TRPV3 na TRPV1. Hii ya pili ndiyo inayofanya pilipili iwashe. Kafuri huiamsha kisha huichosha, nayo ikichoka hupunguza kelele za maumivu. Ndiyo maana dawa za kuchua misuli huwa na kafuri, na ndiyo maana ngozi huhisi moto na baridi kwa pamoja. Kwa maoni yangu, hapa, kwenye kutuliza maumivu, ndipo wazee wanaoisifu kafuri walipopatia hasa.

Na kikohozi cha watoto? Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watoto 138 wa miaka 2 hadi 11 wenye mafua. Baadhi walipakwa kifuani marhamu yenye kafuri, mentholi na mafuta ya mkaratusi, wengine mafuta mazito ya kawaida, wengine hawakupakwa kitu. Wazazi wa kundi la kwanza walisema watoto walikohoa kidogo usiku na wakalala vizuri zaidi. Makamasi ya kutiririka hayakupungua, na malalamiko ya ngozi au macho kuwasha yalikuwa mengi zaidi katika kundi hilo. Tatizo ni kwamba harufu kama ile haifichiki, na waliotoa alama ni wazazi wenyewe. Tena marhamu ilikuwa mchanganyiko, huwezi kuipa kafuri peke yake sifa zote. Ushahidi upo, lakini ni wa kulala vizuri, si wa kutibu mafua.

Hata mti wenyewe si mmoja. Mikafuri ya aina ile ile hutofautiana kikemia: mmoja hujaa kafuri, mwingine linalooli, kemikali nyingine yenye harufu, na ile iliyopandwa Madagaska hutoa zaidi sineoli, kemikali kuu ya mkaratusi. Anayekuuzia mafuta ya majani ya Madagaska kwa sifa za kafuri anakuuzia kitu kingine.

Sasa upande wa hatari, ambao ushahidi wake hauna utata hata kidogo. Kafuri ikimezwa huingia haraka kwenye damu na ubongo, na huweza kuleta degedege ndani ya dakika chache. Mwaka 1934 daktari Ladislas Meduna wa Hungaria aliitumia makusudi, akiwadunga sindano wagonjwa wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ili wapate kifafa, kwa imani kwamba magonjwa hayo mawili hayakai pamoja. Baadaye akaiacha akatafuta dawa nyingine, kwa kuwa kafuri haikutabirika.

Kwa mtoto mdogo, gramu moja tu iliyomezwa yaweza kuua. Marekani ilipiga marufuku mafuta ya kafuri ya asilimia 20 mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuwa watu waliyadhania kuwa mafuta ya mbarika wakayanywesha watoto, na dawa za kupaka zikawekewa kikomo cha asilimia 11. Hata zile marhamu za kifuani hazipakwi mtoto aliye chini ya miaka 2, na kwa umri wowote hazipakwi ndani ya pua wala kwenye kidonda.