"Nani Amekuleta Hapa?" Si Tusi

Wiki iliyopita nilikaa katika ukumbi wa mikutano Kampala, nikamsikiliza kwa saa nzima mtu mwenye elimu kubwa akieleza kwamba ugomvi kati ya wakimbizi na wenyeji katika makazi yetu unatokana na chuki dhidi ya wageni, na kwamba dawa yake ni kuwahamasisha wananchi wapendane. Alipomaliza, mwingine akasimama kumpinga, akasema kwamba watu wa Uganda hawana chuki hata kidogo, kwamba ukarimu ni asili yao, na ndiyo maana nchi hii inahifadhi wakimbizi zaidi ya 1,500,000, wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika. Waliokuwa ukumbini walidhani wamesikia maoni mawili yanayopingana. Mimi nilisikia kosa moja likisemwa mara mbili, kwa sababu wote wawili wanaamini kwamba jambo hili linakaa moyoni mwa mwenyeji, na kwamba moyo ukiwa mzuri kutakuwa na amani, na ukiwa mbaya kutakuwa na mapanga. Nimekuwa mkalimani, kisha msuluhishi, kwa miaka kumi na mitatu, na kosa hili nimelisikia mara nyingi mno. Leo naliandikia.

Upande wa sheria niupite haraka, kwa kuwa wengi wenu mnaujua. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mkimbizi ruhusa ya kutembea na kufanya kazi. Ofisi ya Waziri Mkuu inampa kiwanja cha kukaa na kulima ambacho si mali yake na hakina hati. Na kuna kanuni ya asilimia 30, kwamba sehemu hiyo ya huduma zinazoletwa kwa ajili ya wakimbizi iwafikie wenyeji pia. Kila mara ninapoeleza kijijini kwamba kiwanja hakigeuki kuwa mali ya mkimbizi, sauti hushuka. Hilo peke yake lingetosha kuwaonyesha wasemaji wa Kampala kwamba watu wanabishana juu ya masharti.

Mwaka wangu wa pili kazini tulikutana chini ya mgunga katika kijiji kimoja kinachopakana na makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Ng'ombe sita wa mzee mmoja Mnyankole walikuwa wameingia usiku katika mahindi ya baba mmoja kutoka Kivu, na yule baba alikuwa amemfunga ndama kwenye nguzo ya nyumba yake, amzuie mpaka alipwe. Vijana wa pande zote mbili walikuja na fimbo. Mzee alipopewa nafasi ya kusema, hakutaja ng'ombe wala mahindi. Alimtazama yule baba akauliza swali fupi kwa Kinyankole, nami nikalitafsiri kama nilivyolisikia: "Nani amekuleta hapa?"

Yule baba alisimama. "Ni vita ilinileta, mzee," akasema, na sauti ikamkatikia njiani.

Afisa aliyekaa kando yangu aliandika kwenye daftari lake kwamba mwenyeji ametoa maneno ya chuki. Kikao kikavunjika, na ndama akalala pale nguzoni usiku wa tatu, akimlilia mama yake aliyekuwa ng'ambo ya bonde.

Kesho yake nilimwendea mzee nyumbani, nikiwa nimejiandaa kumwonya. Alinipa maziwa katika kikombe cha bati, akasubiri nimalize, ndipo akasema: "Mwanangu, ng'ombe wangu wamekula, sikatai. Lakini nikimlipa leo, na mwezi ujao apandishwe ndege aende Marekani, na aje mwingine aniambie shamba ni lake na hajalipwa, nitamwita nani ashuhudie kwamba nililipa? Kila mtu aliyekuja kukaa hapa ana mtu aliyemleta. Huyu nimemwuliza wake ni nani, naye akaniambia vita. Nitaiita vita kwa mwenyekiti?"

Nilikuwa nimetafsiri maneno yote sawasawa na nimekosa maana yote. Mzee alikuwa anamtafuta mdhamini. Mkimbizi alisikia anaambiwa arudi kwao. Afisa alisikia chuki kwa kuwa alikuja akiwa anaitafuta.

Hapa naomba subira yenu, maana ndipo mambo yanapoharibika. Kiswahili chetu cha kila siku humwita mgeni kila mtu asiye wa hapa, awe shemeji aliyekuja kwa arusi au msafiri ambaye hakuna anayemjua. Lugha za jirani zetu hazifanyi hivyo. Kinyankole kina omugyenyi, yaani mgeni aliyefika nyumbani kwa mtu, na kina omunyamahanga, mtu wa mataifa mengine. Luganda linatenganisha omugenyi na omugwira kwa namna hiyo hiyo, na tena lina kitenzi okusenga, ambacho tangu zamani kimekuwa na maana ya kwenda kwa mkuu au mwenye ardhi, kuomba mahali pa kukaa na kuhesabiwa kuwa mtu wake. Ukitazama vizuri utaona kwamba tofauti kati ya maneno hayo haitokani na umbali wa kule mtu alikotoka. Omugyenyi anaweza kutoka mbali sana, na omunyamahanga anaweza kuwa wa ng'ambo ya mto tu. Tofauti iko kwa mtu wa tatu, yule anayesema, "Huyu ni wangu, akikosa njooni kwangu." Mmoja anaye, mwingine hana.

Kiswahili nacho kinalijua jambo hili, ila tumelisahau. Neno mwenyeji lina mwenye na mji ndani yake, na tunalitumia kwa maana mbili: mzaliwa wa mahali, na mtu aliyekupokea. Tunauliza, "Mwenyeji wako ni nani?" na hakuna anayelichukulia swali hilo kuwa tusi. Hata ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, watu huitaja kana kwamba inawasema wageni wavivu. Mimi humtazama anayetoa jembe. Mwenye nyumba akikupa jembe lake, amekupa pia upande wa shamba wa kuanzia, amekuonyesha mpaka wa jirani, na jioni utakapolirudisha atajua umelima wapi. Katika makazi, jembe linatoka ghalani pamoja na panga, sufuria na blanketi, na anayekukabidhi anatia alama kwenye orodha kisha anaita jina linalofuata. Kiwanja kinapimwa kwa kamba. Katika makazi ya Bidibidi, yalipofunguliwa wilayani Yumbe mwaka 2016, kilikuwa mita 30 kwa 30. Ni kazi kubwa na ya haki, imeokoa maisha, nami siwezi kuidharau. Lakini mwisho wake mkimbizi anakuwa mgeni wa serikali akiishi kwa jirani ambaye hakuulizwa, na nimekutana na wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji, waliojua kuwa bloku mpya ya makazi imefunguliwa siku waliyoona malori.

Anayeshuku haya na aende Isingiro akawaulize wenyeji wenyewe walitoka wapi. Wapo Bakiga wengi, ambao wazee wao walihama Kigezi, kusini magharibi kabisa mwa nchi, kuanzia miaka ya 1940, ardhi ya kule ilipokuwa imebana. Uliza familia kama hiyo ilifikaje, na mara nyingi utatajiwa jina la mtu: fulani ndiye aliyempokea babu, fulani alimwonyesha kilima. Jina hilo linabaki midomoni mwa wajukuu kwa sababu ndilo hati yao.

Linganisha na leja leja, yaani kazi za kibarua. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa kwa asilimia 30 mwaka 2020, na kupunguzwa tena baadaye, wakimbizi wengi zaidi wanatoka asubuhi kwenda kupalilia migomba ya wenyeji au kukodi shamba kwa msimu mmoja kwa makubaliano ya mdomo. Ugomvi humo haukosekani. Mwenye shamba anaona maharage yamestawi, anadai msimu umekwisha kabla ya mavuno. Au mpaliliaji anaambiwa arudi kesho kwa malipo, na kesho anaambiwa vivyo hivyo. Ni dhuluma, nami huiita hivyo mbele ya anayeifanya. Lakini kesi hizo mimi na mwenyekiti wa LC1 na mwenzake wa RWC, baraza la wakimbizi wenyewe, huzimaliza alasiri moja, kwa kuwa kila mmoja anajua alikubaliana na nani, na siku ile nani alikuwa amesimama pale. Kesi zinazonikosesha usingizi ni za kuni, malisho na maji, ambako watu mia mbili wanakutana na watu mia mbili na hakuna anayemjua mwenzake kwa jina.

Sasa niseme yanayonisumbua, kwa sababu maelezo yangu hayafungi kila mlango.

La kwanza ni West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda. Kule ardhi ya makazi mengi ni ya kimila, na wazee wa koo ndio walioitoa. Tena baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 watu wa kule walikimbilia Sudan na Zaire kwa wingi, wakakaa miaka, na hadi leo watakwambia, "Sisi pia tulikuwa wakimbizi." Kwa hesabu yangu kila kitu kimo: mpokeaji anajulikana na kumbukumbu ipo. Hata hivyo, Septemba 2020, katika makazi ya Rhino Camp, ugomvi wa vijana penye maji uligeuka mapigano, na wakimbizi kumi kutoka Sudan Kusini wakauawa. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi. Huenda wazee waliotoa ardhi hawakuwa wamewaambia vijana wao walikubaliana nini, au ahadi walizopewa zilichelewa hadi neno lao likapoteza uzito. Huenda pia nakosea, na foleni ndefu ya madumu wakati wa kiangazi ina nguvu kuliko mdhamini yeyote.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 1982, watu wenye asili ya Rwanda walifukuzwa katika Ankole, eneo ambalo Isingiro imo, raia na wakimbizi kwa pamoja, makumi ya maelfu, na waliowafukuza waliongozwa na viongozi wa mahali na vijana wa chama kilichotawala. Wengi wa waliofukuzwa hawakuwa wageni kwa maana yoyote ninayoieleza hapa. Walikuwa na mashemeji, walikuwa na mashahidi, walijua nani aliwapokea, na baadhi yao walizaliwa hapo hapo. Wapo majirani waliowaficha, na wapo waliochukua ng'ombe na mabati. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ukiwa na mwenyeji uko salama. Ninachoweza kusema ni kwamba mwenyeji anazuia ugomvi wa jirani na jirani. Mamlaka ikiamua kukuita mtu wa nje, sijui ni kamba gani ya kijijini inayoweza kuishikilia.

Na chuki ipo. Nimeisikia kwa masikio yangu, imesemwa kwa Kinyankole, kwa Kiswahili na kwa Kinyarwanda. Nakataa tu isichukuliwe kuwa maelezo ya kila kitu, kwa kuwa anayeanza na chuki hununua mpira na jezi, anaandaa mechi ya vijana, anapiga picha, na mpaka wa malisho unabaki bila alama.

Kesi ya ndama iliisha siku ya tano. Nilirudi chini ya mgunga na mwenyekiti wa RWC wa bloku ile, mama mmoja mtu wa Bukavu mwenye sauti ya upole, nikamwomba mzee aulize tena swali lake. Aliuliza. Yule mama akasimama kabla ya yule baba, akasema, "Baba, mimi ndiye niliyempokea. Akiondoka, mimi nipo. Nikiondoka mimi, nitakuletea atakayekaa mahali pangu." Mzee akaitikia kwa kichwa, akauliza mahindi ni mistari mingapi, na watu wakaenda kuihesabu.

Jumanne ijayo nina kikao kingine, cha kisima kinachotumiwa na vijiji viwili na bloku tatu. Barua ya mwaliko inatutaka wasuluhishi tuepuke maswali yanayohusu asili ya mtu na namna alivyofika. Nimeijibu kwa heshima, nikaeleza niliyoyaeleza hapa kwa ufupi, na nimewaomba wenyeviti wote watano waje na majina ya wapokeaji yakiwa yameandikwa, kwa sababu swali hilo nitaliuliza mwenyewe, mwanzoni kabisa, kabla hatujataja dumu hata moja.