CIF hulipa nauli, haibebi hasara

CIF ni bei iliyojumlisha mambo matatu: bidhaa yenyewe, bima, na nauli ya meli mpaka bandari iliyotajwa. Ukiambiwa gari ni dola 4,000 CIF Mombasa, ujue muuzaji wa Japani ameshalipia meli na bima hadi Mombasa. Maana ni hiyo tu, na karibu kila anayeagiza mzigo Kampala anaijua. Kinachoniudhi ni kile watu wanachokipachika juu yake.

Wanasema hivi: kwa kuwa amelipa mpaka Mombasa, basi mzigo ni wake mpaka Mombasa, na chochote kikiuharibu baharini atakilipa yeye. Nimelisikia hilo kwenye maduka ya Kikuubo hapa Kampala, nimelisikia kwa wauza spea wa soko la Kisekka, na juzi nimelisikia kwa wakala wa forodha, ambaye kulijua ndiyo kazi yake. "Hajjat, usihangaike, si mlikubaliana CIF? Mwambie arudishe hela."

Sivyo. Kwenye CIF, muuzaji anahesabiwa amekukabidhi mzigo pale unapopakiwa melini, huko huko kwao. Zamani mpaka ulikuwa ukingo wa meli: kreti likianguka kabla ya kuuvuka, hasara ni ya muuzaji, likianguka baada ya kuuvuka, ni yako. Wanasheria walibishana miaka na miaka juu ya kreti linaloning'inia kwenye winchi, hadi toleo la Incoterms la 2010 likauondoa ukingo na kusema tu: mzigo ukishawekwa melini. Incoterms ni kanuni za Chemba ya Kimataifa ya Biashara, ICC, yenye makao Paris. Zilitolewa mara ya kwanza mwaka 1936, na toleo jipya ni la 2020. Humo mote CIF imeshikilia jambo moja: anayelipa nauli ni mmoja, anayebeba hasara ya njiani ni mwingine.

Kwa hiyo meli ikizama Bahari ya Hindi, muuzaji wako hadaiwi. Tena yeye ndiye atakayekudai: kama hujamaliza kulipa, anakuletea BL (hati ya mzigo uliopakiwa melini), invoisi na hati ya bima, nawe unalipa. Bima ameinunua yeye, lakini mwenye kuidai ni wewe.

Na bima yenyewe ni nyembamba. CIF inamtaka muuzaji anunue ile ya chini kabisa, ambayo watu wa bima wanaiita C, kwa asilimia 110 ya bei. C inafidia moto, meli kuzama, kukwama au kugongana, na lori kupinduka. Wizi haumo. Kontena likichukuliwa na mawimbi, halimo. Maji ya bahari yakilowesha katoni, hayamo. Mtu anafungua kontena, anakuta safu ya mbele ya katoni za simu imetoweka, anaikimbilia ile hati ya bima yenye maandishi madogo, na hapo ndipo anaisoma kwa mara ya kwanza.

Lakini tusimsamehe muuzaji kila kitu. Kama sili ya kontena ilifika nzima na katoni hazikuwemo tangu kontena linafungwa, hiyo si hasara ya njiani. Hakupakia ulichonunua, na hapo mdai kwa haki kabisa. Vigae vikivunjika kwa kuwa alivipanga ovyo, ni hivyo hivyo. Ugomvi mwingi na wauzaji ninaouona unaharibika hapa: mtu ana dai zuri la mzigo pungufu, analitupa na kung'ang'ania CIF, muuzaji anamjibu kwa kanuni, kisha anaacha kupokea simu.

Nadhani mkanganyiko unaanzia forodhani. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kama wenzao wa Afrika Mashariki, hutoza ushuru juu ya thamani ya CIF, kwa sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004. Hata ukinunua FOB, yaani bei isiyo na nauli ya meli wala bima, wakala huongeza nauli na bima kwenye karatasi ili aipate CIF. Kwa hiyo wengi wanakutana na CIF kwa wakala kabla ya kuiona kwenye mkataba. Hesabu ya kodi haisemi nani anabeba hasara.

Halafu kuna "CIF Kampala", ambayo nimeiona kwenye proforma, ile invoisi ya awali, yenye mhuri mwekundu wa duara, imeandikwa bila aibu. CIF ni ya meli, na jina linaloifuata ni la bandari. Bandari ya ziwani ya Port Bell tunayo, ndiyo, lakini meli ya kutoka Guangzhou haiingii Ziwa Victoria. Kutoka Mombasa kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara na mpaka wa Malaba au Busia, na CIF haina neno juu yake. Lori analipa nani? Mkibishana, kontena limekaa bandarini na tozo zinapanda.

Ukitaka muuzaji alipe mpaka Kampala, mwombe aandike CIP Kampala, Incoterms 2020. Hiyo inafaa kontena na lori, na inamdai bima pana, ya A, ingawa hasara inahamia kwako anapomkabidhi mzigo msafirishaji wa kwanza kule kwao. Ile ya "mzigo ni wako mpaka unifikie" ipo pia, inaitwa DAP Kampala. Ushuru utalipa wewe, na bei itapanda, maana hakuna anayebeba hasara bure. Na ukibaki na CIF Mombasa si vibaya. Mwambie tu, kabla hajapakia na kabla hujamalizia malipo, aitoe bima kwenye C aiweke A, na hati yake itaje Kampala badala ya kuishia Mombasa. Nyongeza yake mlipie.