Waliobuni Superman walilipwa dola 130: majibu kwa wazazi na vijana wanaotaka kuchora katuni

Kila likizo ya shule, hapa Bagamoyo, mzazi hakosi kuniletea mtoto mwenye daftari la michoro na maneno yaleyale: "Mwalimu, huyu ana kipaji. Mfundishe abuni katuni moja kali, mengine yatajipa. Si unaona wale wa Superman?" Nimeyasikia kwa wavuvi, kwa maofisa, hata kwa vijana ambao tayari wameshauza kazi zao. Nayajibu kwa maandishi, maana sauti imeniisha.

"Mhusika akivuma tu, umetoka kimaisha"

Tuanze na hao hao wa Superman. Jerry Siegel aliandika, Joe Shuster alichora, vijana wawili wa Cleveland, Marekani. Walizungusha kazi yao kwa wachapishaji miaka kadhaa wakikataliwa. Mwaka 1938 akapatikana wa kuichukua. Kurasa 13 kwa dola 10 kila ukurasa, jumla dola 130, wagawane wenyewe. Na kwa dola hizo hizo waliachia haki zote za Superman.

Waliendelea kupewa kazi, tena kwa malipo ya kueleweka. Lakini walichokuwa wanalipwa hasa ni ujira wa kurasa. Filamu, michezo ya redio, midoli, vyote vilikuwa vya mwingine. Mwaka 1947 walikwenda mahakamani kuzidai haki zao, na mwisho wake wakakosa kazi na majina yao yakafutwa kwenye hadithi zao wenyewe. Hadi kufikia 1975, Siegel alikuwa karani na Shuster macho yake yalikuwa yameharibika vibaya, ndipo kampuni iliyommiliki Superman, kwa kuona aibu magazetini wakati filamu kubwa ya Superman inaandaliwa, ikakubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kurudisha majina yao. Mwaka 2012 ile hundi ya zamani iliyojumuisha zile dola 130 iliuzwa mnadani kwa dola 160,000. Karatasi ya malipo imepata bei kubwa kuliko malipo yenyewe.

Mtu ataniambia hao walikuwa na bahati mbaya. Haya, tumwangalie Batman wa 1939. Bob Kane aliingia mkataba uliomhakikishia jina lake kila mahali. Bill Finger, aliyeandika hadithi za mwanzo na kuchangia sehemu kubwa ya sura na tabia ya Batman, hakuwa na karatasi yoyote. Alifariki 1974. Jina lake lilianza kutajwa rasmi kama mmoja wa waliombuni Batman 2015, miaka 41 baadaye. Mhusika ni mmoja, umaarufu ni mmoja. Tofauti ilikuwa kwenye mkataba. Jack Kirby naye, mkono uliochora Captain America na kundi la mashujaa la Fantastic Four, uzeeni alikuwa anapigania mchapishaji amrudishie michoro yake ya asili, akaambulia sehemu tu.

Sasa turudi Bagamoyo. Kijana ananionyesha simu. Mwenye nyumba ya wageni alimwomba amchoree kasa mwenye kofia kwa ajili ya fulana. Akachora vizuri kweli, wino umetulia, magamba ya mgongoni yamepangwa kwa mpangilio. Akatumiwa shilingi 40,000. Mkataba wao wote ni ujumbe wa sauti: "Fanya boss wangu, tutaelewana." Leo kasa yuko kwenye fulana, vikombe, vibao vya njiani, na kijana anauliza kama anaweza kudai. Nikamwuliza, mlikubaliana nini? Akanichezea tena ile sauti.

Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inaulinda mchoro wako tangu unapouchora. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakusaidia kwenye ushahidi. Lakini sheria haitakuandikia makubaliano. Kabla hujamkabidhi mteja chochote, andikeni na msaini: nani anaruhusiwa kuutumia, kwenye vitu gani, kwa muda gani, kwa kiasi gani. Nusu ukurasa wa daftari unatosha. Mpe nakala, mchoro wa asili ubaki kwako, na tarehe nyuma yake. Akikasirika kwa sababu umeomba saini, mwache aende. Nawaambia kila darasa, na bado kuna mtu atatoka hapo na kwenda "kuelewana".

"Stan Lee ndiye aliyemchora Spider-Man"

Hapana. Stan Lee alikuwa mwandishi na mhariri. Spider-Man wa 1962 alichorwa na Steve Ditko. Mara nyingi Lee alitoa muhtasari tu, mchoraji akapanga hadithi nzima kwa picha, kisha Lee akajaza maneno kwenye viputo. Ndiyo maana ugomvi wa nani kabuni nini haujaisha mpaka leo.

Hapo hapo inakufa dhana nyingine, ya kwamba asiyejua kuchora hana kazi kwenye katuni. Kitabu kimoja kinaweza kupita kwa mwandishi, mchora penseli, mtia wino, mtia rangi na mwandika herufi. René Goscinny aliandika katuni ya Kifaransa ya Asterix, Albert Uderzo akachora kuanzia 1959, na huyo Uderzo alikuwa na upofu wa rangi. Wanangu wanaoandika insha nzuri lakini mikono ya watu inawashinda kuichora, tafuteni mwenzenu.

"Ameshachelewa" na "lazima awe shujaa anayepaa"

Fantastic Four ilipotoka 1961 Lee alikuwa na miaka 38. Marguerite Abouet, mzaliwa wa Abidjan, aliandika habari za wasichana wa mtaa wa Yopougon, mapenzi na umbea wa majirani. Kitabu chake cha kwanza, kilichochorwa na Clément Oubrerie, kilitoka Ufaransa 2005 na mwaka uliofuata kikapata tuzo kwenye tamasha la katuni la Angoulême. Hakuna anayepaa humo. Umbea wa hapa kwetu Dunda na Magomeni hauna pungufu yoyote.

"Bongo hakuna wachora katuni"

Hii inanikera kuliko inavyostahili. Chakubanga, mhusika wa katuni wa Christian Gregory, alikuwa kwenye gazeti la Uhuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Gado alizaliwa Dar es Salaam, akajiunga na magazeti ya Nation, Nairobi, mwaka 1992. Masoud Kipanya mmemsikia redioni na mmemwona gazetini. Wengi wao wamekula kwa gazeti, au kwa gazeti na kazi nyingine pembeni, kwa hiyo mzazi, mwanao asiache shule.

Darasa ni Jumamosi asubuhi. Aje na penseli ya 2B na karatasi nyeupe. Spider-Man wa kunakili kwa kufuatisha abaki nyumbani. Mimi nitaanza naye kwenye mikono na vidole.