Deka ya mtoto na upande wa ukutani

Kila juma mzazi mmoja husimama mbele ya kibanda changu hapa soko la Kibuye, Kisumu, hutazama deka, yaani kitanda cha ghorofa, iliyokwisha kupigwa vanishi, kisha hugonga ubao wa kizuizi cha kitanda cha juu, upande wa ndani, na kuniambia: "Fundi, huu utoe, utupunguzie bei. Kwetu upande huu utakuwa na ukuta." Nimeijibu hoja hiyo kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo naiandika, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa.

Ukuta si kizuizi. Kwa mtoto mdogo anayelala juu, upande wa ukutani unaniogopesha kuliko ule wa nje. Akianguka upande wa nje atavunjika mkono au atapasuka paji la uso, atalia, mtaamka, mtakimbia naye hospitali. Akiteleza upande wa ukutani hafiki chini. Miguu inapita, kiuno kinapita, kifua kinapita, halafu kichwa kinabaki kimebanwa kati ya kitanda na ukuta, mwili mzima ukining'inia kwa shingo. Hawezi kulia. Hakuna kishindo cha kumwamsha mtu.

Wazazi wengi hawaamini kwamba mwili unaweza kupita mahali kichwa kikakwama, kwa sababu wanafikiria miili yao wenyewe. Mtu mzima ana mabega mapana na nyonga. Mtoto wa miaka mitatu kichwa chake kimetangulia kukua, kiwiliwili bado chembamba, na tena kiwiliwili kinabonyea. Fuvu halibonyei.

Ndiyo maana Marekani nafasi za deka hupimwa kwa vitu viwili: kipande cha inchi 3.5 kwa 6.2, kinachosimama badala ya kiwiliwili cha mtoto, na tufe la inchi 9, linalosimama badala ya kichwa. Kwenye vizuizi vya juu kipande kile hakitakiwi kupita popote. Kwenye miisho ya kitanda cha chini, kikipita kipande, sharti na tufe lipite. Maana yake ni kwamba mwanya uwe mdogo mwili usiingie, au uwe mkubwa kichwa kitoke. Unaoua ni ule wa katikati, na huo wa katikati ndio ninaoukuta nyuma ya vitanda katika nyumba zetu.

Kanuni hiyo ilitungwa mwishoni mwa 1999, baada ya tume yao ya usalama wa bidhaa kupokea ripoti za watoto 57 waliokufa kwa kunaswa kwenye deka tangu 1990. Inasema kitanda chochote ambacho upande wake wa chini uko zaidi ya inchi 30 kutoka sakafuni kiwe na vizuizi pande zote mbili, na kile cha ukutani kiende moja kwa moja, kichwani hadi miguuni, bila kukatika. Soma tena hapo. Upande wa nje wanaruhusu pengo la kupandia. Upande wa ukutani, ule mnaotaka niuache wazi, hawaruhusu pengo.

Sasa mtaniambia mnakisukuma kitanda mpaka kigusane na ukuta. Hakigusani. Chini ya ukuta fundi wa saruji huacha mkanda unaojitokeza kidogo. Miguu ya kitanda inaishia kwenye mkanda, kwa hiyo huku juu kuna mwanya tangu siku ya kwanza. Kisha kuna godoro. Godoro la futi 3 kwa 6 nalitengenezea fremu yenye nafasi ndogo pembeni, la sivyo hamtaweza kuchomeka shuka. Mtoto akipiga teke ukuta usingizini, sponji inasogea upande wa nje, na mwanya unapanuka. Sakafu ikiwa laini, kitanda kizima kinasogea pamoja naye. Nikienda mitaa ya Nyalenda au Manyatta kukaza bolti zilizolegea, mara nyingi napitisha mkono wote kati ya mfumbati, ule ubao wa ubavuni mwa kitanda, na ukuta bila kukwaruzwa. Kwenye nyumba za mabati ni hatari zaidi, maana bati lina mawimbi na linarudi nyuma likisukumwa.

Wengine huahidi kukisukuma kila jioni kabla ya kulala. Mwanya haufunguki jioni. Unafunguka saa nane za usiku, nyote mmelala.

Karibuni mama mmoja alikuja na hoja ambayo sikuwa nimeisikia. Mdogo wake ni mhudumu wa vyumba kwenye meli ya kitalii, na amemweleza kwamba huko watoto hulala vitanda vya juu vyenye kizuizi upande mmoja tu. Nilifurahi kuulizwa, kwa sababu jibu lake linaeleza jambo hili vizuri kuliko mfano wowote wa kwangu. Kitanda cha juu cha melini hukunjwa ukutani au darini. Mhudumu hukishusha jioni na kukirudisha asubuhi. Hakiwezi kuuhama ukuta, kwa sababu kimefungwa kwenye ukuta. Godoro lake ni jembamba na limekatwa kwa fremu ileile. Mchana hakipo, basi hakuna wa kuruka juu yake. Hata hivyo baadhi ya kampuni za meli huwashauri wazazi wawalaze wadogo chini, maana meli huyumba na mtoto akiamka gizani hajui yuko wapi. Kwa hiyo mama, ukitaka kuiga meli, iga meli yote. Ukikubali nitoboe ukuta wako wa tofali niufunge mfumbati kwa bolti pasibaki mwanya, tutazungumza. Wengi wenu mnapanga, na mwenye nyumba hataki hata msumari wa kalenda.

Godoro nalo lina kesi yake. Kizuizi hupimwa kutoka juu ya godoro. Marekani wanataka angalau inchi 5 kutoka hapo kwenda juu, Ulaya wanataka sentimita 16. Mimi nafuata Ulaya, kwa sababu mbao ni zilezile na tofauti ya gharama ni ndogo. Lakini kazi yangu yote huharibika siku mzazi anapoambiwa dukani kwamba godoro nene ndilo lenye afya. Anaagiza deka ya godoro la inchi 6, baada ya mwaka ananunua la inchi 10, na kizuizi kinazama. Anabaki na ubao wa inchi mbili, ambao mtoto anauvuka kwa kugeuka tu. Siku hizi nachora mstari kwenye nguzo ya ndani: godoro lisipite hapa. Tafadhali msiupake rangi.

Neti. Kisumu hatulali bila neti, na sitaki mtu aniambie ameiondoa kwa sababu yangu. Ila neti haimshiki mtoto. Nimewasikia wakubwa kwa wadogo wakisema, "Ameshachomekewa, hawezi kuanguka." Uzi wa neti umesokotwa kumzuia mbu. Mtoto wa kilo kumi na tano akiubingirikia, neti inachomoka chini ya godoro na kumfuata hewani ikiwa imemzunguka. Ichomekeni ndani ya kizuizi, na kamba za kuifunga darini zikatwe ziwe fupi. Zisibaki zikining'inia mahali mtoto anaweza kuingiza shingo. Hivyohivyo leso, mikanda na kamba za kuruka zinazofungwa kwenye nguzo za deka. Ziondoeni leo.

Ngazi ifungwe kwa bolti, vipago vilingane, na vya mbao bapa ni bora kuliko bomba la mviringo linalouma nyayo. Chaga za juu zipigwe skrubu, zisilazwe tu, maana zikiteleza kuna mtoto chini. Kati ya godoro la juu na dari iwepo nafasi ya kuketi, sentimita 75 au zaidi, na feni ya darini iwe mbali kabisa. Mbao mbichi ya mkaratusi mkatalieni yeyote anayewauzia. Ikikauka itapinda, na viungo vyote vitaachia.

Umri. Madaktari wa watoto Marekani wanasema aliye chini ya miaka 6 asilale juu, na nakubaliana nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kati ya 1990 na 2005 watoto na vijana wapatao 36,000 kwa mwaka walitibiwa huko kwa majeraha ya deka, na nusu walikuwa chini ya miaka 6. Lakini niseme wazi kinachonisumbua. Miaka 6 ni mstari uliochorwa na watu wazima, na mtoto haamki siku ya kuzaliwa kwake akiwa ameacha kugaagaa. Nimeona wa miaka 5 anayelala kama alivyolazwa, na wa 8 anayezunguka kitanda kizima hadi kichwa kinakuwa miguuni. Utafiti huohuo ulikuta majeraha yakipanda tena kwa vijana wa miaka 18 hadi 21, na hao hakuna aliyewakataza. Anayekojoa usiku, anayetembea usingizini au anayeshikwa na kifafa, simuweki juu hata akiwa na miaka 12.

Jambo la pili linalonipa shaka ni kizuizi chenyewe. Kinamsaidia aliyelala. Kwa anayecheza mchana sina hakika kinasaidia kitu, na huenda kinawapa wazazi utulivu wasioustahili. Watoto huruka kutoka deka, husukumana, hupanda kupitia nyuma ambako hakuna ngazi. Mbao zikilala mlalo huwa ngazi ya pili, kwa hiyo naweka vijiti vya wima ingawa vinakula muda. Zaidi ya hapo, fundi hana ubao wa kuzuia mchezo. Wengine huondoa ngazi mchana. Sijaamua kama ni busara, kwa sababu mtoto aliyezoea kupanda atapanda tu, na bila ngazi atashukaje?

Kwa mwenye deka ya kununuliwa bwenini au mtumba, iliyo wazi upande wa ukutani: ubao mmoja wenye urefu wa kitanda, bolti nne, na fundi yeyote wa mtaani kwenu mwenye keekee atamaliza kabla ya chai. Apime kwamba kati ya ubao na mfumbati hapabaki nafasi ya kupita ngumi ya mtu mzima. Mpaka siku hiyo, mdogo alale chini na kaka yake apande.

Mkija kuagiza, njooni na unene wa godoro, urefu kutoka sakafuni hadi darini, na umri wa atakayelala juu. Rangi tutaongea baadaye.