Kupigania uhuru bila silaha si kupewa uhuru

Kila ikikaribia tarehe 9 Desemba, ukikaa vijiweni pale Kirumba au Makoroboi utasikia kauli ileile: Wakenya walipigania uhuru, sisi Watanganyika tulipewa mezani kwa sababu tulikuwa wapole. Inauma kuisikia hapa Mwanza kuliko mahali pengine popote, maana inawafuta wazee wa Usukuma waliopigwa virungu kwa ajili ya uhuru huo.

Maana ya mapambano bila silaha ni fupi. Utawala wa kidikteta, kama ulivyokuwa ukoloni, ni ule ambao mtawaliwa hana njia halali ya kumwondoa mtawala. Mapambano bila silaha ni watu kuunyima utawala huo utii wao, kwa pamoja na kwa makusudi, bila kumdhuru mtu: kugoma, kususia, kuandamana, kuvunja sheria ya kionevu hadharani. Gandhi wa India alipotembea hadi pwani ya Dandi mwaka 1930 kuokota chumvi, alivunja mchana kweupe sheria ya Mwingereza iliyokataza watu kujitengenezea chumvi.

Kinachochanganywa ni kukosa silaha na kukosa ugomvi. Anayevumilia bado anatii, hata kama ananung'unika. Anayepambana bila silaha ameacha kutii. Mkoloni alikusanya kodi kwa mkono wa karani, akatoa amri kwa kinywa cha mtemi. Hao na raia wao wakigoma, anabaki na askari, na askari hawawezi kulima Usukuma nzima.

Miaka ya hamsini serikali ilimwagia Usukuma sheria za kilimo na mifugo: lima matuta, punguza ng'ombe, lipa kodi ya mifugo. Hakuna mkulima aliyezipigia kura. Amri zilipitia kwa watemi, na aliyekiuka alitozwa faini. Kwenye pamba nako kulikuwa na dhuluma ya mizani: mkulima anafika na mzigo, mnunuzi anasoma uzito peke yake na kutamka anachotaka. Wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni. Hebu fikiria ujasiri wa mtu asiye na cheo kusimama kando ya mizani na kumwambia mnunuzi apime upya. Humo ndimo ulimochipukia ushirika wa pamba ulioongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama vikaungana kuwa VFCU, yaani Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, muungano uliokuja kuitwa Nyanza. Watu wanauhesabu ushirika kama habari ya biashara tu, na hapo wanapoteza nusu ya historia.

TANU, iliyozaliwa Saba Saba ya 1954, ilizuiwa Usukuma kwa miaka kadhaa, hadi 1958. Marufuku haikuzima kitu. Mwaka huohuo wa 1958 serikali ililazimisha Geita iwe na baraza la wilaya lenye wajumbe Wazungu na Waasia, wakati karibu wakazi wote walikuwa Waafrika. Watu wakakataa. Mamia wakaja Mwanza, wakapiga kambi, wakitaka kumwona mkuu wa jimbo ana kwa ana. Hawakuja na mikuki. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi na virungu. Hata hivyo Geita haikutulia, na mwishowe serikali ikaachana na mpango wa mabaraza yale.

Mezani watu walikaa, ni kweli. Nyerere alijadiliana na Waingereza, na tarehe 9 Desemba 1961 ikafika bila vita. Lakini Mwingereza alikubali kukaa baada ya kuona kwamba huku mikoani amri zake hazishiki tena. Kwa hiyo ndugu yangu, unaweza kusema tulipata uhuru bila vita, hapo hujakosea. Ukisema tulipewa, umewasahau watu wa Geita.