Baridi yabisi ya Tanga: hiyo baridi inatoka wapi?

Februari hapa Tanga joto la mchana huvuka nyuzi 30, na feni haina kazi ila kuzungusha hewa ya moto. Hata hivyo, pita Ngamiani asubuhi utamkuta mzee barazani anachua goti kwa mafuta ya nyonyo. Ukimwamkia na kumuuliza hali atakuambia, "Ni hii baridi yabisi tu, mwanangu." Baridi! Ingekuwa ndiyo mleta ugonjwa, Lushoto nzima ingechechemea na sisi wa pwani tungekuwa tunaruka kamba.

Nami niliamini hivyo miaka mingi: baridi ya sakafu ya saruji inapenya hadi mfupani, hasa ukiwa umetoka kuoga. Nilikuwa na imani ya pili pia, niliyoiona ya kisomi zaidi. Goti, nilisema, ni kama gololi za baiskeli. Kila safari inazila kidogo, mwisho zinaisha. Basi nikamkataza bibi yangu kwenda sokoni kwa miguu. Akakaa miezi mitatu, goti likazidi kukakamaa.

Tuanze na jina. Baridi na yabisi yametoka kwenye Kiarabu, na yabisi ni kitu kikavu au kigumu, ile ile ya darasani: yabisi, kimiminika, gesi. Utabibu wa Wagiriki wa kale, ambao tabibu Ibn Sina (aliyefariki mwaka 1037) aliuendeleza, ulipima mwili kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Baridi ikikutana na ukavu, maradhi. Jina letu linanukia huko: utabibu umepita, utambuzi wake umebaki ndani ya neno.

Tena ndani ya neno hilo tumetia maradhi mbalimbali. Kuna kuchakaa kwa gegedu, ule mto laini ulio kwenye ncha za mifupa, kunakowapata zaidi wenye umri. Kuna kinga ya mwili kuushambulia utando wa maungo. Kuna jongo, fuwele za asidi ya yuriki zinazojikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kidole gumba cha mguu. Hakuna hata moja linaloletwa na sakafu.

Kwamba hali ya hewa huzidisha maumivu ya ugonjwa uliokwisha kuwapo ni suala jingine, na hapo ushahidi unagongana. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walipitia zaidi ya ziara milioni 11 za wazee kwa madaktari, wasione kwamba malalamiko ya maungo na mgongo yanaongezeka siku za mvua. Miaka miwili baadaye utafiti wa Uingereza ukaona maumivu yanapanda kidogo siku zenye unyevu na upepo. Kidogo, lakini. Joto nalo hulegeza misuli, ndiyo maana kuchua kunaliwaza. Sifa zote huchukua nyonyo. Mimi ningeupa mkono sehemu yake.

Sasa gololi. Kosa langu lilikuwa kulihesabu gegedu kama chuma. Ni kitu hai, sehemu kubwa yake ni maji, na lina ajabu moja: halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ute wa kiungo, na namna linavyokula kila jiko la pwani linaijua. Umekuna nazi, umetia maji, umekamua kwenye kifumbu: tui linatoka. Ukiachia na kutia maji mengine, machicha yanayanywa. Ukikanyaga, gegedu linakamuliwa na kutoa maji yaliyotumika. Ukiinua mguu, linafyonza ute mpya wenye chakula. Goti linalokaa kutwa ni machicha yaliyosahauliwa kwenye kifumbu. Mfano una kikomo chake: machicha ukiyakamua mara tatu yamekwisha, gegedu zima huendelea miongo.

Ndiyo maana mazoezi ni tiba ya kwanza ya goti lililochakaa, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyezidi; vidonge vya diklofenaki, ambavyo wengi wetu tunaanza navyo, huweza kuumiza tumbo na figo. Tusizidishe, hata hivyo: hakuna ushahidi mzuri kwamba mazoezi huliotesha gegedu upya. Kinachoonekana ni maumivu kupungua na misuli ya paja kupata nguvu ya kulibeba goti. Na kiungo kilichovimba ghafla, chenye moto na homa, hakitaki mazoezi wala nyonyo. Kinataka daktari siku hiyo hiyo.

Kwa goti lisilovumilia kutembea sana, wataalamu hupenda kushauri baiskeli, kwa sababu linakunjwa na kukunjuliwa bila kubeba mwili mzima. Mji huu umejaa baiskeli. Gololi zake ndizo zinazoisha kweli, na mafundi wanazo mpya.